Wasifu wa Askari Asiye na Cheo

Mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili nilikuwa nasoma masomo ya jioni katika chuo kimoja Toronto, na muhula mmoja tukapewa utenzi wa vita wa Wagiriki wa kale. Kitabu kimejaa mikuki na mashujaa, lakini hata askari asiye na cheo, akiuawa tu, mtunzi anasimama kidogo kumtaja baba yake, kwao, na mke aliyemwacha. Kijana mmoja darasani akasema hayo ni ya kujaza kurasa, tuyaruke. Wenzake wakakubali.

Nilipandwa na hasira. Kwenye misiba yetu Watanzania kule Scarborough, mimi ndiye niliyekuwa napewa kusoma wasifu wa marehemu: kazaliwa wapi, mtoto wa ngapi, kaacha nani. Nimemsomea profesa, nimemsomea mlinzi wa maghorofa, na hajatokea mtu wa kuniambia niruke mstari.

Nikasimama bila kuitwa. Nikamsoma askari mmoja vilevile ninavyosoma kanisani, taratibu, na nilipomtaja baba yake nikainua macho kuangalia viti vya mbele, maana kwetu baba wa marehemu hukaa pale. Darasa zima likageuka kuangalia nilikoangalia. Viti vilikuwa vitupu.

Nikafungua ukurasa uliofuata, nikaanza wa pili. Yule kijana akavua kofia.