Dakika Tisini za Kaka Yake

Jumatatu, tarehe 9 Machi. Mawingu mazito tangu asubuhi, joto la kubana kifua. Mvua ilitishia mpaka jioni na haikunyesha.

Mkata tiketi wa ofisi yetu alifika saa moja na dakika hamsini, akafungua dirisha, akawasha kompyuta, kisha akakaa bila kuvua mtandio. Ni mwanamke wa miaka hamsini na minne. Katika miaka kumi na tisa aliyokaa kwenye meza ile, hajapata kumkatia mtu tiketi ya ndege mbili bila kumuuliza ana mizigo mingapi. Jengo zima linamwita Mama Akiba. Jina hilo halihusu fedha hata kidogo. Wanamwita hivyo kwa sababu kila safari lazima aiongezee muda. Ukimwambia kikao ni saa nne, utamkuta mlangoni saa tatu na robo, na sababu anayo.

Ana daftari la jalada gumu ambalo hakuna mwingine anayeligusa. Abiria yeyote aliyerudi kutoka safari ya kubadilisha ndege njiani huombwa aketi dakika chache na kueleza: ndege ya kwanza ilisimama saa ngapi, foleni ya ukaguzi ilikuwaje, alifika lango la ndege ya pili saa ngapi. Wengine wakimwona barabarani huvuka upande wa pili. Hajali. Kompyuta inaonyesha muda wa chini unaoruhusiwa, lakini yeye haamini muda uliopangwa na mtu ambaye hakuutembea.

Siku hiyo abiria alikuwa kaka yake mwenyewe.

Kaka mtu ni seremala, ana miaka sitini na saba, na goti lake la kulia halijakaa sawa tangu ubao ulipomwangukia karakanani. Binti yake wa pekee anaishi mbali, na Alhamisi saa mbili asubuhi alikuwa afanyiwe upasuaji wa moyo. Alichomwomba baba yake ni kimoja tu: amwone kabla hajaingizwa chumba cha upasuaji. Viza ilikuwa imetoka Ijumaa mchana. Zilibaki siku tatu.

Njia ilikuwa moja. Ndege ya kwanza huondoka kila siku saa sita mchana na kutua saa tisa alasiri. Ya pili huruka Jumatano saa kumi na nusu na kufika usiku huohuo. Baada ya hapo hakuna nyingine mpaka Jumamosi. Kwa hiyo aondoke Jumatano, awe na saa moja na nusu ya kubadilisha ndege, au aondoke kesho yake, Jumanne, asubiri ndani ya uwanja ule saa ishirini na tano na nusu, kwa sababu hakuwa na ruhusa ya kutoka nje. Nafasi za siku zote mbili zilikuwa zimeshikiliwa kwa jina lake mpaka saa kumi jioni.

Saa nne seremala akaingia, shati limepigwa pasi, kalamu ya risasi bado iko nyuma ya sikio.

"Umeshakata?"

"Shikamoo kaka."

"Marahaba. Umeshakata?"

"Keti kwanza."

"Nikiketi hapa utanihesabia na hiyo." Akaketi. "Jumatano. Nimeshasema Jumatano. Saa moja na nusu mtu anakunywa chai, ananawa uso, na bado anawasubiri wenye ndege yao."

"Lango hufungwa dakika ishirini kabla. Umebaki na sabini."

"Sabini si haba."

"Na ndege ya kwanza huchelewa. Mara nyingi dakika kumi."

"Basi sitini. Wewe mwanamke, ungekuwa fundi, meza moja ungeimaliza mwaka mzima."

Alilifungua daftari. Kwenye uwanja ule alikuwa ameandika dakika arobaini na nane, tangu ndege kusimama mpaka kufika langoni. Akatoa arobaini na nane kwenye sitini, akapata kumi na mbili. Aliiandika ile kumi na mbili kwenye kipande cha karatasi, akaizungushia duara. Ilikuwa ndogo, lakini ilikuwepo. Mkono wake ukaenda kwenye kompyuta. Mimi, kwenye meza ya jirani, nilidhani jambo limekwisha.

Hakukata. Alirudi kwenye daftari akaanza kusoma tarehe kwa kidole. Dakika zile arobaini na nane zilitokana na watu watatu. Daftari lilikuwa na tarehe na dakika, halikuwa na kitu kingine, lakini yeye hasahau abiria. Wa kwanza alikuwa mfanyabiashara wa vipuri vya simu, kijana wa begi moja la mgongoni. Wa pili alikuwa muuguzi aliyekuwa akiwahi zamu. Wa tatu alikuwa refa wa mpira.

"Refa," alisema kwa sauti ndogo.

"Refa gani?" kaka yake akauliza.

"Nimekupangia safari kwa miguu ya refa."

Miaka kumi na tisa alikuwa amekusanya dakika bila kuandika ni dakika za nani. Wazee walikuwa wakirudi wamechoka, wakaenda moja kwa moja nyumbani. Waliokuwa tayari kukaa na kueleza ni walewale wepesi wa miguu. Alianza kuwataja kimoyomoyo wazee aliowakatia tiketi, midomo ikicheza, mpaka kaka yake akagonga meza.

"Unasali au unafanya kazi?"

"Simama, tutembee."

"Kwenda wapi?"

"Hapo chini, kwenye maduka. Ule ukumbi nimeshaupima, ni mita mia mbili kutoka mwisho hadi mwisho. Kwenda na kurudi, kisha tena, kisha nusu. Kilomita moja. Ndiyo utakayotembea kule."

"Unanipima kama ubao?"

"Ndiyo."

Waliteremka saa nne na dakika thelathini na tano. Watu wa madukani walisimama milangoni kumtazama Mama Akiba akitembea na saa mkononi, hatua moja nyuma ya mzee aliyebeba begi lake la zana badala ya begi la safari. Muuza viatu aliita, "Mzee, unafukuzwa au unasindikizwa?" Seremala akamjibu bila kugeuka, "Nimeozeshwa saa, mwanangu." Safari ya kwanza alikwenda vizuri. Ya pili alisimama mbele ya vioo vya saluni akajifanya anatazama nywele zake, ambazo hana. Ya nne alishika nguzo. Ya tano jasho lilikuwa limeshapita kwenye kola.

Kwa wepesi wale watatu, kwa hesabu ya daftari, kilomita ile ilichukua dakika kumi na nne. Yeye ilimchukua thelathini na moja.

Alikaa kwenye ngazi, mguu ameunyoosha. Dada yake alibaki amesimama. Dakika kumi na saba zilizozidi zilikuwa zimezimeza zile kumi na mbili na kudai tano juu yake.

"Nitaomba kiti cha magurudumu," alisema.

"Sijafa."

"Wanakusukuma tu mpaka langoni, kaka."

"Nimesema sijafa. Na wewe unanijua. Ukikiomba, nitakikubali hapa ili ninyamaze, nikifika kule nitashuka."

Hilo lilikuwa kweli, na lilimtia hofu kuliko goti lenyewe.

"Basi kesho."

"Kesho! Nikae siku nzima na usiku wake kama gunia la misumari? Na daktari amesema mguu huu usikae sana, utavimba."

"Nimesikia alichosema. Nilikuwepo." "Na mimi sijui ni kipi kibaya zaidi. Nimekaa hapo juu tangu saa mbili nikitafuta, sijui. Lakini wewe ukikata ubao mfupi, unaufanyaje?"

Kaka mtu akalivuta begi la zana karibu na mguu.

"Nakuuliza, fundi. Ukizidi unapiga randa. Ukipungua?"

"Unatafuta ubao mwingine."

"Wa Jumamosi."

Mzee alilisugua goti lake kwa kiganja. Halafu akasema kwa sauti isiyo na ugomvi tena, "Yule mtoto alikuwa akilala mchana karakanani, juu ya maranda. Kelele hazikumsumbua, ila alikuwa halali mpaka aone niko karibu." Akainuka kwa kushika ukuta. "Kata ya kesho. Mguu ukivimba, ni wangu."

Alikata saa tano na dakika ishirini na mbili. Akaichapa tiketi, akaisoma mara tatu, jina, tarehe, saa. Karani mwenzake akamtania, "Leo umejipita, Mama Akiba. Akiba ya siku nzima!" Hakucheka. Mchana hakula. Saa kumi kasoro dakika tano, muda wa ile nafasi ya Jumatano ulipokaribia kwisha, alifungua ukurasa wake kwenye kompyuta na kuutazama mpaka ukafutika wenyewe.

Asubuhi yake, Jumanne, alimfikisha kaka yake uwanja wa ndege saa tatu kamili, akamnunulia maji, akamwagiza atembee kidogo kila saa, akaagizwa naye aache kumfundisha kutembea. Saa tano alikuwa mezani kwake. Alitafuta namba ya dawati la habari la uwanja ule wa pili, akapiga kuuliza kama wana mahali penye viti visivyo na mikono, mtu aweze kulaza mguu. Hawakupokea. Alikata, akapiga tena, akaishika simu sikioni huku ikiita.