Barua Niliyoiweka Mpaka Wamalize Kula

Siku yangu ya kwanza kazini Doha nilipewa ovaroli mbili, buti zilizonizidi namba moja, na ndoo ya chokaa. Forman wetu, Mhindi wa Kerala mwenye sauti ya kukwaruza, alinipeleka nyuma ya shule moja ya watoto wa wageni, akanionyesha uwanja wa nyasi mkubwa kuliko wowote niliowahi kuukanyaga kwetu Muheza, akaniambia, "Hii nyasi ndiyo mwanao. Ikifa, na wewe unapanda ndege." Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili. Mimi nilikuwa nimekulia shambani, nikajiona mjuzi. Wiki haikuisha nikajua sijui kitu.

Vijana mnaokwenda Ghuba siku hizi mnauliza kutunza uwanja nako ni kazi gani. Ni kazi. Kule mnamwagilia maji machafu yaliyosafishwa, na maji hayo yana chumvi, kwa hiyo kila wiki lazima uufurikishe uwanja mzima ili chumvi izame chini ya mizizi. Ukivivia mara mbili tu, nyasi inakuwa na madoa ya manjano, na forman anayaona kabla yako. Joto likipungua, nyasi ya kiangazi inalala, inageuka kahawia. Hapo unaipunguza mpaka karibu na udongo, unamwaga juu yake mbegu ya rai, nyasi ya nchi za baridi, na baada ya siku kumi una kijani mpaka jua kali lirudi. Nililipenda hilo kuliko yote. Nilikuwa nikisimama alfajiri kabla ya basi la kambi kushusha wenzangu, nikizitazama zile ncha ndogo zikitoka, na sioni aibu kusema nilikuwa nikizisalimia.

Siku za kazi uwanja ulikuwa wa wanafunzi. Ijumaa asubuhi ulikuwa wa Waayalandi.

Walikuwa na klabu ndogo: walimu, manesi, mainjinia wa minara ya West Bay, na watoto wao. Walicheza mpira wa kwao, ambao sisi tuliuita Geliki. Unashikwa kwa mikono, unapigwa kwa miguu, na huruhusiwi kukimbia nao zaidi ya hatua nne bila kuudundisha chini au kuupiga kwa mguu urudi mkononi. Magoli yao yana milingoti mirefu inayopita juu ya mtambaapanya. Mpira ukipita chini yake ni goli, linahesabiwa pointi tatu, na mwamuzi wa goli anainua bendera ya kijani. Ukipita juu, katikati ya milingoti, ni pointi moja, na bendera ni nyeupe. Kila Alhamisi nilikuwa nachomeka milingoti hiyo kwenye mabomba mafupi yaliyozikwa ardhini, na kila Jumamosi naing'oa. Mistari yake ni mingi, na forman alinifundisha kuichora kwa kamba na vigingi. "Usitazame kigari cha chokaa," alikuwa akinifokea. "Tazama kigingi cha mwisho!" Mpaka leo nikipita barabarani natembea hivyo, mke wangu ananicheka.

Katibu wa klabu alikuwa Bi Nora, nesi wa makamo, mfupi, mwenye mwendo wa mtu aliyechelewa. Siku ya kwanza aliyoniona nimesimama nyuma ya goli alinivalisha koti jeupe. Nikadhani ananiajiri hospitalini. Kumbe ndiyo sare ya mwamuzi wa goli, na wao walikuwa na upungufu wa watu. Tangu hapo nikawa na bendera zangu mbili.

Mechi ikiisha walitandika meza. Mkate, chai, soseji zao. Bi Nora aliuliza mara moja tu kama nakula soseji hizo, nikasema hapana, na Ijumaa iliyofuata kulikuwa na bati la mayai ya kuchemsha, limefunikwa kitambaa cha buluu, limewekwa mbali na nyama. Miaka yote halikukosekana. Nakula, nakwenda mtaa wa Najma nilikokaa, kuoga na kuswali Ijumaa.

Mnadhani ni mpira tu. Mwalimu mgeni alikuwa akishuka uwanja wa ndege Jumatano, Ijumaa anapata pale nyumba ya kupanga, kitanda cha mtu anayehama, na rafiki. Manesi wa Kifilipino waliingia timu ya wanawake. Wafula, Mkenya mlinzi wa getini, alikuwa golikipa wao kila zamu ilipomruhusu. Na mama yangu alipofariki, nami sikuweza kusafiri kumzika, wale watu walijipanga katikati ya uwanja kabla ya mechi, wakainamisha vichwa kwa ajili ya mwanamke wa Muheza wasiyemjua hata jina. Nilisimama nyuma ya goli na koti langu, nikalia kama mtoto.

Sasa niwaambie nilivyowalipa.

Mudiri wa zamani, yaani mkuu wa majengo na viwanja, aliondoka, akaja mwingine, mtu wa mihuri. Alhamisi moja aliniita ofisini, akanipa barua. "Tunang'oa nyasi, tunaweka zulia la plastiki," alisema. "Klabu inayotaka kubaki ijibu kwa maandishi kabla ya Jumapili saa sita mchana, nimwambie mkandarasi aache mabomba yao. Mpe katibu mkononi." Akaniagiza niwapelekee barua yao pia Wahindi waliokuwa wakicheza kriketi kwenye kipande cha pembeni. Nikawapa jioni ileile, niliwakuta mazoezini.

Ya Bi Nora nikaitia mfukoni. Kesho yake ilikuwa sikukuu ya Waayalandi, na timu za wageni zilikuwa zimekuja kutoka nchi jirani. Mimi nimelelewa hivi: mtu mwenye furaha humletei habari mbaya mlangoni. Unamwacha ale, anawe mikono, ndipo unamvuta pembeni. Msibani kwetu hata mjumbe aliyetoka mbali anasema "hawajambo" kwanza. Basi asubuhi nzima ile barua ilikuwa kwenye ovaroli, chini ya koti jeupe, nami napeperusha bendera.

Wafula alijua. Karatasi yoyote iliyotoka ofisini aliiandika kwenye daftari la getini.

"Mzee, hiyo barua bado uko nayo?" aliniuliza mapumzikoni. "Si umpee tu sai. Huyo mama ako hapo."

"Anakula, Wafula."

"Na akimaliza?"

"Akimaliza nitampa."

Alipomaliza walianza kuimba. Kisha adhana ikanikuta, nikaenda Najma. Niliporudi walikuwa wamekwenda kula hotelini. Namba yake ya simu nilikuwa nayo, lakini habari kama ile kwa simu niliona ni utovu wa adabu. Jumamosi na Jumapili alikuwa zamu. Nikampa Jumatatu, na kikombe cha chai juu.

Aliisoma amesimama. Akatazama tarehe. "Ofisi imekuchelewesha, Bakari," akasema. Hakuuliza, alisema tu. Nami ningeweza kufungua mdomo. Sikufungua.

Alikwenda kwa Mudiri, akarudi uso umemshuka. Mkandarasi alikuwa ameshapewa ramani. Nimejaribu sana kujidanganya kwamba hata wangejibu mapema wasingekubaliwa. Lakini Wahindi walijibu Jumamosi, na kipande chao cha kriketi kikabaki. Milingoti ya Geliki niliing'oa mimi mwenyewe kwa mara ya mwisho, forman akiwa kando yangu, na kwa mara ya kwanza hakunifokea.

Klabu ilihamia kiwanja cha changarawe mbali, upande wa Industrial Area. Watoto walichubuka magoti, wazazi wakaacha kuwaleta. Bila watoto, akina mama waliobeba meza na chai wakaacha. Walimu wapya wakapata marafiki kwingine, au hawakupata. Misimu mitatu tu, wakawa hawatimii timu moja. Mimi nilibaki napiga brashi zulia la plastiki, kazi ambayo haihitaji mtu anayejua chochote. Sikulisalimia hata siku moja.

Bi Nora alikuja kuniaga alipokuwa anarudi kwao. Alikuja na bati lile, na kitambaa kilekile cha buluu. Tukakaa kwenye ngazi za stoo. Nilikuwa nimeazimia kumwambia, wallahi nilikuwa nimeazimia. Nikasema moyoni, ngoja amalize kula. Alimenya yai polepole, akala. Teksi ikapiga honi. Akachukua yai la pili, akalimenya polepole zaidi, ganda moja moja, wala hakuitazama teksi. Akalimaliza. Akapangusa mikono, akanitazama kidogo, akasema, "Haya, Bakari." Akaniachia koti jeupe, akaondoka.

Nilistaafu mwishoni mwa miaka ya elfu mbili na kumi, nikarudi Muheza na magoti mabovu. Nina bustani mbele ya nyumba. Mistari ya mchicha imenyooka kwa kamba na vigingi, majirani wanakuja kuitazama. Nilidhani mengine yote nimeyaacha kule.

Mwezi uliopita Wafula alinipigia, naye kashastaafu, yuko Bungoma. Tukazungumza ya kale, nikamwambia lile linalonisumbua.

"Mzee, kwani hukujua? Huyo mama alikuja kwa geti hiyo Jumatatu, akaniomba daftari. Aliona Alhamisi na jina lako. Akasema nisikuambie, utasema mwenyewe."

Sikulala vizuri siku kadhaa. Nilikuwa naliona lile yai la pili. Nilidhani ana njaa. Alikuwa ananipa nafasi, na teksi inasubiri, na mimi na adabu zangu nimekaa namsubiri ameze.

Wafula alinitafutia namba. Nilipiga mchana, bila kufikiri saa za kwao. Alipokea mdomo umejaa, nikasikia kijiko kikigonga sahani. Aliitambua sauti yangu, akacheka, akasema, "Bakari! Ngoja nimalize kula, tuongee vizuri."

"Hapana, Bi Nora," nikasema. "Usimalize."

Nikamwambia.