Tokeni Aliyoileta Mwenyewe

Mnaopenda visa vya usiku wa manane na mbwa wanaobweka, mnisamehe. Hiki kilinipata mchana kweupe, Jumamosi, katika ukumbi wa kanisa hapa Ruiru, watu wakila mandazi. Mimi ni fundi wa umeme. Kazi yangu ni kujua waya umetoka wapi na unaenda wapi, na mtu akiniambia taa imejiwasha yenyewe huwa namcheka, kisha natafuta swichi. Basi nicheke na mimi ukitaka. Nilikuwepo, na kitu chenyewe kiko mfukoni mwangu ninapokusimulia haya.

Sisi ni klabu ya treni ndogo. Ndiyo, watu wazima wenye ndevu na watoto, tunacheza na treni. Tuna meza ndefu inayokunjwa vipande vipande na kubebwa kwa pikapu, na juu yake tumejenga reli ya kutoka Thika hadi Ruiru jinsi ilivyokuwa zamani. Kahawa tumeitengeneza kwa sponji za kuoshea vyombo zilizopakwa rangi ya kijani, na nguzo za ua ni njiti za kiberiti. Tunaipeleka kwenye maonyesho, mashuleni, makanisani, popote tunapoitwa, na watu huja wakainama wakaangalia vigari vikipita mpaka wakasahau walichofuata mjini.

Aliyeianzisha ni baba mkwe wangu. Mzee alifanya kazi ya reli maisha yake yote, mtu wa stesheni, kisha akastaafu shambani kwake Gatuanyaga, nje kidogo ya Thika, na kukuta kwamba mbuzi hawana ratiba. Ndipo akajenga reli yake. Na kwa kuwa alikuwa mtu wa sheria, reli hiyo ya sponji iliendeshwa kwa sheria kama ile ya kweli.

Nikueleze sheria hizo, maana kisa chote kimo humo. Laini ni moja, kwa hivyo treni mbili zisipokuwa na mpango zitagongana. Mtu mmoja anakaa upande wa Thika, mwingine upande wa Ruiru, na katikati yao kuna ubao mrefu uliochorwa mlima wa Kilimambogo. Hamuonani. Mnaongea kwa kengele tu. Mlio mmoja maana yake "uko?" na mwenzako anajibu mlio mmoja, "niko". Milio miwili, natuma treni. Mlio mmoja mrefu, tufunge laini. Ule mrefu usipojibiwa, laini bado iko wazi, na laini ikiwa wazi hakuna kuinuka, hakuna simu, hakuna kuchungulia nyuma ya mlima.

Halafu kuna tokeni. Ni kipande cha shaba, duara, chenye tundu katikati, mzee alikichonga mwenyewe kwa tupa. Treni haitoki stesheni bila tokeni, inasafiri nayo ndani ya kigari cha mwisho. Mkifunga, tokeni lazima ilale Thika, yaani mfukoni mwa mzee. Haikuwahi kulala kwangu hata siku moja, na sikuwahi kuiomba.

Mimi na mzee hatukuwa watu wa kuongea. Kwao na kwetu, mkwe ni mtu wa kuheshimiwa kwa mbali, na mzee alikuwa na sababu zake za kuongeza umbali huo. Njeri, bintiye, alipompelekea habari kwamba anataka kuolewa na mtu wa Vihiga, mzee alikaa kimya mpaka chai ikapoa, kisha akaniuliza swali moja tu.

"Kwenu kuna reli?"

"Iko, Baba. Inapita Luanda."

"Haiya," akasema. "Hiyo ni laini ya Butere." Na mambo ya ndoa yakaendelea kutoka hapo.

Alinipa upande wa Ruiru kwa sababu ninaishi Ruiru, na tangu siku hiyo hakuniita kwa jina. Alikuwa akisema, "Wee wa Ruiru, vuta hiyo waya." Nami nilivuta. Lakini niamini, maonyesho yalipoanza na kengele zikaanza kulia, nilimjua mzee yule kuliko watoto wake wenyewe walivyomjua. Nilijua akiwa na furaha, mkono wake ulikuwa mwepesi. Nilijua akiwa amechoka. Nilichotamani, na sioni aibu kusema, ni siku moja aniambie neno lililo langu. Mwanangu, kwa mfano. Si lazima mbele ya watu.

Mwaka huu akaanza kuugua. Kifua, miguu, halafu hata kutembea hadi chooni ikawa shida. Onyesho la Ruiru lilipofika, Njeri alikwenda Gatuanyaga kukaa naye, na tukakubaliana kwamba Wanjiru, mwanachama mwenzetu wa Thika, apitie kwa mzee asubuhi achukue kisanduku cha upande wa Thika, chenye kengele na swichi za kuendeshea treni, kisha aje akalie kiti chake. Kisanduku hicho kilikuwa kikilala kwa mzee. Hakuruhusu mtu mwingine akiguse, na upande wake wa meza hatukuwa tukiupanga sisi wa Ruiru.

Basi nikaunga meza na wenzangu, nikasimamisha mlima, nikafunga waya wa upande wangu, nikaitia simu kwenye begi kama sheria inavyotaka. Wenzangu wakaenda mlangoni kukaribisha watu. Chakula cha mchana kikapita, ukumbi ukajaa, Wanjiru hajafika. Nikawa narudisha kigari kimoja mbele na nyuma hapo Ruiru ili watu wasione tumelala.

Ndipo kengele yangu ikalia. Mlio mmoja.

Nikainua macho. Juu ya mlima, kule mwisho, niliona kofia. Kofia ya mzee, ya kahawia, ile ya kwendea kanisani. Unafikiri niliogopa? Niogope nini? Nilifurahi nikakaribia kusimama. Nikajiambia, mzee ni mbishi, amemlazimisha Wanjiru amlete na gari. Nikajibu, niko.

Tukaanza. Sijawahi kuendesha treni kama siku hiyo, na sitaendesha tena. Treni zilikuja kwangu kwa utulivu, zikisimama pale pale pa kusimama, na zangu nilizozituma zilipokelewa kabla sijaondoa kidole kwenye kengele. Watu walisahau mandazi mikononi. Mama anayetuuzia chai na mandazi alipita na birika, akazunguka mlima akarudi.

"Yule mzee wako ana adabu," akaniambia. "Nimempelekea chai, ameniinulia tu kofia."

"Ndivyo alivyo," nikasema, na nikaona fahari, kama mtu aliyesifiwa baba yake.

Kisha treni zikakoma na kengele ikalia mlio mmoja. Nikajibu mlio mmoja. Kimya. Nikangoja ile miwili ya treni, haikuja. Mlio mmoja tena. Uko? Nikajibu, niko. Na tena, taratibu kuliko mara ya kwanza. Uko?

Sasa nisikilize hapa, maana ndipo panaponiuma. Mimi, fundi, niliwaza nini? Niliwaza kwamba kengele ina hitilafu. Nikachungulia chini ya meza kuangalia kama waya umelegea upande wangu, nikaukaza, nikajibu mlio wangu mmoja mkavu, kama mtu anayejaribu soketi. Mtu ananiuliza kama niko, na mimi ninakaza waya!

Milio miwili ikaja. Treni ikatoka nyuma ya mlima polepole sana, ikapita mashamba ya sponji, ikaingia Ruiru. Kigari cha mwisho kilikuwa na tokeni. Nikaichukua. Ilikuwa na joto, kama kitu kilichotoka mfukoni mwa mtu. Nilikuwa ningali nikijiandaa kutuma treni ya kuirudisha kwake, mara ukaja ule mlio mrefu.

Tufunge. Na tokeni iko kwangu.

Nilisita, hilo nitajitetea nalo. Saa ya kufunga haikuwa imefika, watu walikuwa bado wamejaa, na tokeni haikuwahi kulala Ruiru. Ningeweza kukaa kimya. Laini isiyojibiwa iko wazi, na mzee yule asingeinuka kwenye kiti na laini iko wazi, nakuapia, hata jengo lingeungua. Angekaa. Nami ningezunguka mlima, sheria ivunjike, nimwone. Lakini mtu hambishii baba mkwe. Nikabonyeza mlio mrefu, nikajibu.

Kofia ikashuka nyuma ya mlima.

Nikazunguka na tokeni mkononi, tayari nikipanga jinsi nitakavyomsalimu. Hakukuwa na mtu. Hakukuwa hata na kiti, viti vyote vya upande ule vilikuwa vimekunjwa na kuegemezwa ukutani kama tulivyovikuta. Mezani hapakuwa na kisanduku. Waya wa Thika ulikuwa unaning'inia, ncha zake wazi, haujafungwa popote. Nimeziona ncha hizo kwa macho haya ya kazi. Na kando ya reli kulikuwa na kikombe cha chai, kimejaa, utando umeshashika juu.

Nikatoa simu kwenye begi. Wanjiru alikuwa amenipigia mara nyingi. Nikampigia.

"Boss, pole sana!" akasema. "Gari imezima hapa Witeithie, nimekwama na makanika tangu asubuhi. Kisanduku niko nacho kwa buti."

"Na mzee?"

"Mzee nimemwacha kwake, amekaa nje kwa jua. Lakini tokeni amekataa kunipa. Ati ataileta mwenyewe. Nikamwambia guka, babu wewe, utakuja na nini na hivyo miguu inakusumbua? Akacheka tu."

Nikakata simu. Njeri naye alikuwa amepiga. Nilimpigia nikiwa nimekaa sakafuni, chini ya Thika.

"Baba ametuacha," akasema. "Alikuwa hapo nje kwa kiti chake. Nimeenda jikoni kumletea uji, nikarudi nikamkuta amelala tu hivyo. Ilikuwa kabla ya lunch. Nimekupigia, hushiki."

Kabla ya chakula cha mchana. Na mimi nimeendesha naye treni alasiri nzima.

"Na ile tokeni yake haionekani," akaendelea. "Tumetafuta kwa koti, kwa kitanda, mpaka chini ya kiti. Asubuhi nilimwona nayo, aki. Wajomba wanauliza."

Niliifumbata tokeni ngumini. Nilimwambia jioni, huko Gatuanyaga, nikaiweka kwenye kiganja chake na kumweleza yote. Alilia. Kisha akanyamaza, akalia tena, na kilio hicho cha pili sikukielewa mpaka aliposema, "Alikuja kwako. Mimi nilikuwa jikoni, hapo tu, na akaenda kwako."

Akanirudishia tokeni. Akasema kama ameileta Ruiru, ikae Ruiru.

Wahenga walisema majuto ni mjukuu. Mimi naona ni mkwe. Yanakaa nawe nyumba moja na hamtazamani usoni. Neno nililolitamani miaka yote nililetewa mkononi, likiwa na joto lake, na mwenye kulileta aliniuliza mara tatu kama niko. Huenda alitaka niinuke. Huenda hakutaka, alitaka tu kusikia kengele. Sitajua. Ninachojua ni kwamba mimi ndiye niliyefunga laini.

Mama wa mandazi aliniulizia mzee wa kofia, na nilipomwambia alikataa kuja ukumbini mwezi mzima. Klabu ilinihamishia upande wa Thika. Sasa ni mimi ninayepiga mlio mrefu, na huwa nauchelewesha mpaka wenzangu wananuna, meza yetu ndiyo ya mwisho kukunjwa katika kila onyesho. Kengele yangu ya zamani ya Ruiru nimeileta nyumbani, iko sebuleni juu ya kabati. Sijaifunga waya. Fundi mzima, naiacha bila waya makusudi, kwa sababu ndivyo upande wake ulivyokuwa siku ile. Njeri huipangusa vumbi. Haijalia.

Nawe unayenisikiliza, labda una mzee wako mnayeheshimiana naye kwa mbali, mnasalimiana kwa mkato, yuko nyuma ya mlima wake nawe nyuma ya wako. Akikuuliza kama uko, usibonyeze tu "niko" ukaendelea na waya zako. Inuka. Vunja sheria, treni zigongane, watu wacheke. Zunguka mlima ukamwone, akiwa bado yuko.