Ami na Makuti ya Waingereza

Ami amefariki. Nilipigiwa simu nikiwa sokoni Lewisham nachagua mihogo, na muuzaji nadhani aliona nimegombana na mihogo yake, maana niliirudisha kwa kishindo nikasema "Inna lillahi" mpaka watu wakageuka. Wasomaji wangu wa siku nyingi mnamjua, ingawa sijapata kumtaja jina na leo pia sitamtaja. Ni yule mzee wa Kiunguja, dereva mstaafu wa mabasi mekundu ya London, mkaazi wa Thamesmead, ambaye kila msimu wa baridi alikuwa akitupeleka shamba kwa Waingereza. Sote tulimwita Ami, kama ndugu wa baba zetu, hata tusiokuwa na udugu naye wa damu. Madaktari wamesema kilichomuua ni mapafu. Sibishani nao, kazi yao wanaijua. Lakini safu hii naiandika na hasira zangu, na msomaji anayetaka marehemu asifiwe kwa maneno laini, basi leo ageuze ukurasa.

Kwa wasiozijua safari zenyewe, London siku za Krismasi huwa kama imefiwa. Treni zimelala, maduka yamefungwa, na asiye na jamaa hukaa ndani akitazamana na ukuta. Ami hakulikubali hilo. Wiki ile alikuwa akikodi basi dogo, anatuokota Peckham na Lewisham, Waislamu kwa Wakristo, Wazanzibari na Wakenya, tunaelekea vijiji vya Dorset na Wiltshire. Ukimwuliza kwa nini tusisubiri jua, anakujibu: "Kiangazi waachieni watalii. Kijiji kinaonekana wakati wa baridi, miti ikishavua nguo." Basi tutatembea kwenye vichochoro vya barafu tumeshikana mikono tusianguke, tutapita kanisa la mawe na kijito kilichoganda kingo, tutaingia mji wa soko tuwasalimie wauza jibini ambao hawajazoea kusalimiwa na wasionunua. Khalafu tunarudi garini, chai ya tangawizi, kachori, vioo vimejaa mvuke, na vicheko. Wakati wote huo usukani ni wake. Hakuna aliyewahi kuruhusiwa kuugusa, hata kulisogeza gari kwenye maegesho.

Wengine tulifuata mandhari, lakini Ami alifuata mapaa. Vijiji vile vina nyumba zilizoezekwa kwa matete na mabua ya ngano, paa nene limeshuka mpaka juu ya madirisha kama kofia iliyovutwa machoni, na moshi unatoka juu taratibu. Ami akiiona moja anasimama barabarani, kichwa nyuma, mikono mgongoni, anaikagua kama fundi aliyeitwa kutoa bei. "Tazama pale kwenye kipeo," atasema. "Wamefunga vizuri. Lakini huku chini wamebana mno, maji yatakaa." Ujuzi huo aliupata kwa mamake. Nyumba aliyozaliwa Ami, kijiji cha pwani ya mashariki ya Unguja, ilikuwa ya miti na udongo, imepigwa chokaa, na makuti yake mamake aliyashona kwa mkono wake mwenyewe. Aliiacha akiwa kijana, miaka ile ya baada ya Mapinduzi, watu walipokuwa wakiondoka bila ya kuaga. Mamake alifia humo na yeye yuko huku, hakuwahi maziko. Tangu hapo kila makuti yakichakaa alihakikisha yanaezuliwa na nyumba inaezekwa upya, kwa fito na kamba za usumba wa nazi, msumari marufuku. Na kila mwaka, tukishakula kachori, atatwambia maneno yale yale: "Mimi nitarudi nikafie ndani ya nyumba ya mamangu. Nataka nisikie mvua ikigonga makuti. Kwenye bati mvua inakupigia kelele, kwenye makuti inakusemesha."

Kuna mwaka tulikuta nyumba inaezekwa. Fundi yuko juu ya ngazi na mashada ya matete, na Ami chini amekwama, hatoki. Akatoka bibi mmoja wa Kiingereza, mwenye nyumba, mvi zake na mabuti ya matope, akatutazama kundi zima la weusi na majaketi yetu, akauliza kwa ile adabu yao inayokukata bila ya kisu: "Mmepotea?" Mimi tayari damu ilishanipanda. Ami akavua kofia. "La, bibi. Tunatazama makuti yako." Neno makuti alilisema hivyo hivyo, la Kiswahili, katikati ya Kiingereza chake cha dereva, kwa sababu alisema Kiingereza hakina neno la kitu kile lenye heshima ya kutosha. Akamweleza bibi yule kwao wanavyoezeka, kwamba safu ya juu inailalia ya chini, sawa na hivi. Bibi akalainika, akatuita uani tuone nyuma. Hapo ndipo alipotwambia kwamba hata angetaka kuweka vigae hangeweza, halmashauri hairuhusu, nyumba ya namna ile inalindwa na sheria. Ami alicheka mpaka akakohoa. "Sheria!" akanambia kwa Kiswahili. "Mwanangu, umesikia? Mwenzetu makuti yake yana askari. Yangu mimi yana mchwa na mpwa wangu tu, na wote wawili wanayatamani."

Alikuwa anatania, lakini mpwa huyo hakuwa utani. Ndiye mtoto wa dadake, aliyeachiwa nyumba aiangalie. Na kila simu iliyotoka kwake, haikumwendea Ami, ilimwendea binti wa Ami hapa London. Binti huyu ndiye mtoto wake wa pekee, kazaliwa hapa hapa, Kiswahili anakisikia vizuri lakini hukujibu kwa Kiingereza. Ni mtoto mwema, nasema wazi kabla sijafika mbali. Basi mpwa alimimina maneno ya aibu kwenye sikio la mtoto mwema. Ati watu wakipita wanauliza, hii ndiyo nyumba ya mtu aliyekaa Ulaya umri wake wote? Ati harusi ikija wageni wanafichwa nyumba ya jirani. Ati baba yako ni mzee mkubwa na kwake kuna paa la banda la kuku. Nani kati yetu hajawahi kusikia simu kama hiyo? Mtoto akasikia kwamba babake anadharauliwa, akaumia, akaamua kumfutia aibu. Akaamua pia kuifanya siri, kwa sababu huku zawadi kubwa hufichwa mpaka siku yake. Mila mbili zikakutana, ile yetu ya kuogopa macho ya watu na ile ya huku ya kumshtukiza mtu kwa furaha, na mzee wa watu akawa katikati.

Msimu wa baridi uliopita binti alikuja safarini, jambo ambalo halikuwa kawaida yake, simu mkononi, uso unang'ara. Tulifika mji mmoja wa soko, tukasimama uwanjani mbele ya mkahawa mkongwe ulioezekwa kwa matete, na Ami, kama ada, kichwa nyuma. Binti akatukusanya. "Baba, tazama," akasema, kwa Kiswahili, alikuwa ameyafanyia mazoezi maneno yale. "Zawadi yako." Kwenye simu ikaonekana nyumba. Bati jekundu, nguzo za saruji, vioo vyeusi, geti la chuma lenye simba wawili waliopakwa dhahabu. Sauti ya mpwa ikawa inapiga kelele: "Mjomba, karibu kwako! Aibu imetoka!" Watu wote wakapiga makofi. Wakenya wakapiga vigelegele, na Waingereza wakasimama na vikapu vyao wakidhani kuna harusi.

Ami akaishika simu kwa mikono miwili. Akauliza, "Na nyumba ya mama iko wapi?" Binti akacheka, akamwonyesha kwa kidole, akasema kwa Kiingereza kwamba ndiyo hii, hapo hapo, kiwanja kile kile. Ami akatazama tena, akakiona kisima pembeni, akajua ni kweli. "Na makuti?" akauliza. Mpwa alikuwa hewani, akajibu mwenyewe, furaha imemjaa: "Tuliyachoma, mjomba! Yalikuwa na mchwa tele!" Nilikuwa nimesimama ubavuni pake na nawaambieni nilichokiona. Alimrudishia binti simu. Akamkumbatia binti yake, akamwambia, "Ahsante, mwanangu. Mungu akuzidishie." Kwetu zawadi ya mtoto hairudishwi, wala haitiwi dosari mbele za watu. Alilelewa hivyo na mama yule yule ambaye makuti yake yamechomwa. Khalafu akaja kwangu, akanitia funguo za basi mkononi, akasema, "Endesha wewe, mwanangu. Mimi nimechoka." Akakaa kiti cha abiria. Tulivipita vijiji vitatu au vinne vyenye mapaa yale anayoyapenda, na hakunyanyua uso hata kwa kimoja.

Hakuzungumza tena habari ya kurudi. Ukimwuliza, "Ami, safari ya nyumbani lini?" anakujibu, "Nyumbani kwa nani?" na anabadilisha mazungumzo. Jirani zake Thamesmead walimfikisha hospitali, na kutoka hospitali tukamfikisha kaburini, makaburi ya Waislamu huko nje ya mji, udongo umeganda mpaka wachimbaji wamelalamika.

Sasa nifike kwenye hasira yangu, maana watu wataniuliza namkasirikia nani. Hitma tulisoma Jumapili, ukumbini Peckham. Baada ya dua, pilau likiwa linapakuliwa, mpwa akapigiwa simu ya picha, ikawekwa kwenye televisheni ili jamaa waione nyumba aliyoacha marehemu. Bati, nguzo, simba wa dhahabu. Watu: Masha Allah, Masha Allah, kaacha jina. Mpwa akaeleza kwamba nyumba isikae bure ameanza kuipangisha watalii. Lakini watalii, akasema, wamelalamika joto la bati, na wanasema nyumba haina sura ya Kizanzibari. Kwa hiyo amewatengenezea kitu mbele, nasi tuone. Akageuza simu. Wallahi nilidhani macho yangu yamenidanganya. Pale mbele ya nyumba, palepale yalipochomwa makuti ya mama, limesimama banda kubwa la makuti mapya, na Wazungu wawili wamekaa chini yake na vikombe vyao. "Mafundi tumewatoa mbali, mjomba angefurahi," akasema. "Hapa kijijini hakuna tena anayejua kuyashona." Na ukumbi ukasema tena, Masha Allah.

Niliweka sahani ya pilau chini nikatoka. Nawakasirikia wote waliosema Masha Allah mara mbili, kwa kuchoma na kwa kuezeka, wala wasijiulize ipi kati ya hizo mbili ilikuwa na haki ya kusifiwa. Nawakasirikia wanaopanda ndege kutoka kwetu kuja kupiga picha mbele ya nyumba ya majani ya Mwingereza, ati mji mzuri ulioje huu, na wakirudi wanaisema nyumba ya majani ya mama wa mwenzao. Tumekaa chini ya bendera yetu wenyewe miaka yote hii na bado tunangoja mgeni akae chini ya paa letu ndipo tulione ni paa. Wahenga walitukanya tusiache mbachao kwa msala upitao. Sisi mkeka wetu mkuukuu, huo mbacha, tumeutia moto, na msala umepita, na aliyekuwa na msala anatuuliza mbona hatuna mbacha.

Binti alinifuata nje, kwenye baridi, bila ya koti. Alikuwa amelia. Aliniuliza kwa Kiingereza, "Anti, kwa nini hakunambia? Ningemjengea chochote alichotaka." Nilikuwa nimepanga kumvurumishia maneno, na nilipoona anavyotetemeka nikavua shali yangu nikamfunika. Lakini sikumwongopea, kwa sababu babake alishatosha kumwongopea kwa adabu. "Alikuuliza," nikamwambia. "Mbele ya watu wote alikuuliza nyumba ya mamake iko wapi." Akaketi kwenye ngazi za ukumbi, akalia kilio kingine ambacho si kile cha mwanzo, nami nikakaa pamoja naye mpaka watu wakaanza kutoka na mikebe yao ya pilau.

Basi wasomaji wangu, sina wosia mrefu. Mzee wako yuko hai, iwe Lewisham au Makunduchi, na wewe una nguvu na mapenzi na unataka kumheshimu. Kabla hujamvunjia kitu chake umpe chako, muulize. Usimuulize mpwa, wala jirani, wala mpita njia mwenye aibu zake. Mpigie mwenyewe, leo, ukae kimya mpaka amalize kujibu. Na akisema anataka makuti, mwezekee makuti.