Dume Anayesifiwa kwa Binti Zake

Baba yangu alikuwa fundi viatu mjini Kamembe, ng'ambo ya mpaka kutoka Bukavu, na alizaa wasichana watupu. Wateja wengine walimpa pole kama vile tulikuwa msiba. Yeye alijibu alhamdulillahi, akaendelea kupiga nyundo.

Nyuma ya nyumba alifuga ng'ombe mmoja wa pembe ndefu, mdogo wa umbo. Alikuwa amepandwa na dume kubwa la jirani, ndama akakwama wakati wa kuzaliwa na kufa. Kwa hiyo ng'ombe alipoanza kulia akitaka dume tena, baba alimwita veterineri, daktari wa mifugo, ambaye hupandisha kwa mrija, akitumia mbegu zilizogandishwa ndani ya mtungi wa baridi kali.

Veterineri alikuwa na mbegu za madume mawili.

"Hii ya kwanza, binti zake banatoa maziwa mingi sana," alisema. "Ya pili, maziwa ya binti zake ni kidogo kuliko ile, lakini ni nzito, na ndama yake inazaliwaka ndogo."

"Na dume yenyewe iko namna gani?" baba akauliza. "Iko na nguvu?"

"Mzee, dume haikamuliwe. Tunaangaliaka babinti yake. Kama bo ni bazuri, njo tunajua baba yabo ni muzuri."

Baba aliketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, akacheka mpaka machozi yakamtoka. Akatuita sote, na mama pia, akamwomba veterineri arudie maneno yake.

"Musikie!" alisema. "Musikie baba anasifiwa juu ya nini!"

Alichagua dume la pili. Alitaka ng'ombe wake azae salama, maziwa yangekuja tu.

Ndama alizaliwa asubuhi, jike la rangi ya kahawia. Mama yake alianza kumlamba kabla hatujamaliza kuchemsha maji. Alipokua na kuzaa, alimpita mama yake kwa maziwa, tena yenye malai mazito. Mwaka ule mama alipika pilau ya Idi kwa samli yetu wenyewe.

Wakati huo nilikuwa nimefiwa na mume, nimerudi nyumbani na watoto, nikila kwa aibu. Siku moja baba alinishikisha kamba ya yule jike wa kahawia.

"Huyu ni wako."

"Papa, na nyinyi mutakunywa nini?"

"Si utatuletea?"

Ng'ombe yule alinilelea wanangu. Wao walikunywa kwanza, yaliyobaki niliwauzia akina mama waliovuka mpaka wa Rusizi I kurudi Bukavu. Na kila alipohitaji mbegu, nilimuuliza veterineri kuhusu uzazi na viwele kabla ya kuuliza wingi wa maziwa.

Jioni nilimpelekea baba kikombe chake, cha moto. Alikunywa huku akipuliza, masharubu yakabaki meupe, na hakuna aliyemwambia ajifute.