Pazia la Kiangazi na Begi la Mama
Mama alikaa kwangu Nakuru wiki tatu nzima bila kupanga nguo zake kabatini. Kila asubuhi alifungua zipu ya begi, akachomoa rinda la siku hiyo, akafunga tena. Begi lilisimama kando ya mlango wa chumba chake, na kila nikilipita roho iliniruka. Nilijua siku moja nitatoka kazini nikute halipo.

Elburgon, nyumbani kwake, alikuwa ameiacha kwa sababu ya magoti. Daktari alimwambia asahau mambo ya jembe, nami nikaenda kumchukua mbio kabla hajabadilisha nia. Sikufikiria jua. Ilikuwa mwezi wa kwanza, nyumba yangu ni ya mabati, vumbi linaingia mpaka kwenye sukari, na huyu ni mtu wa kando ya msitu wa Mau, ambako sweta huvuliwa wakati wa kuoga tu. Alishinda kwenye kiti cha dirishani sebuleni, mapazia yangu mazito ya rangi ya damu ya mzee yamefungwa kabisa, jasho likimtiririka. Nikiyafungua, nikienda jikoni kidogo, nikirudi nakuta yamefungwa. Nikimuuliza, anasema macho yanamuuma. Sikumwamini. Tangu utotoni nilichapwa kwa kufunuafunua sufuria za watu, na hilo la pazia lilininyima amani.

Nikaamua dawa ni pazia jepesi. Jumamosi nikaenda sokoni kwa mama mmoja anayeuza vitambaa vya pazia, nikamwuliza maswali mpaka akavuta stuli akaketi. Kipi kinapitisha hewa? Kipi hakitachujuka juani? Akanifundisha jambo ambalo sikuwahi kulisikia: weka kitambaa mdomoni, puliza, na mkono wako uwe upande wa pili. Pumzi ikifika kiganjani, hata upepo utapita. Basi nikapuliza karibu kila kitambaa cha kibanda kile, wapita njia wakinitazama, wala sikuona haya. Pamba nzito ilinirudishia pumzi usoni. Shia, kile kitambaa chembamba kama chandarua, iliipitisha kama hakuna kitu. Nikachukua hiyo, rangi ya maziwa, na fundi wa kibanda cha pili akaipiga pindo nikingoja.

Kumbe kibanda kilikuwa chini ya turubai la rangi ya machungwa. Nyumbani nilipoitandaza, maziwa hayakuwepo. Ilikuwa samawati, ile ya mashuka ya hospitali. Kila mtu sokoni kwetu anajua kitambaa hutolewa kwanza nje kikaangaliwe juani, na mimi, mjuaji wa maswali yote, nilisahau. Mama alicheka mpaka akashika mbavu, mara ya kwanza tangu aje. Akasema sasa tumebakisha kitanda cha magurudumu.

Lakini nilipoitundika, mwanga ukajaa ndani na upepo ukaingia, mama aliinuka polepole, akahamia kiti cha kona, kule gizani karibu na televisheni. Nikamfuata huko huko nikamwuliza kuna nini na lile dirisha.

"Watu wataniona nimeketi mchana kutwa, sina kazi. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mimi hii ni wiki ya tatu, na jembe lenyewe nimekatazwa."

Iliniuma sana. Muda wote nilidhani joto ndilo litakalomrudisha Elburgon, kumbe ni aibu. Nikamwomba aende barabarani ajionee mwenyewe kama mtu wa ndani anaonekana, mimi nikae kwenye kiti chake cha dirishani. Akatoka na fimbo yake. Kutoka ndani niliona kila kitu: leso yake, jirani aliyebeba mitungi ya maji, muuza sukuma wiki aliyesimama kumwamkia. Mama akageukia dirisha, akakaza macho. Nikampungia mkono. Nikamtolea ulimi, mama yangu mzazi, na umri wangu huu. Alinitazama moja kwa moja asinione.

Aliporudi nilimweleza nilichofanya. Akasema bahati yangu magoti yake hayana nguvu. Kisha akaishika shia kwa vidole viwili, akaukagua upindo, akasema fundi wangu ameshona kama mtu anayekimbizwa. Akataka sindano. Sindano yake ilikuwa chini kabisa ya begi, na kuifikia ilibidi amwage nguo zote kitandani. Mimi nikasimama mlangoni nikijifanya natafuta kitu. Nilitaka kuona kama atazirudisha. Akaniambia niende nikapike.

Jumatatu nilitoka kazini, nikaingia kwa mlango wa nyuma, nikapita mbele ya chumba chake. Begi halikuwepo. Nilikimbilia sebuleni, nikamkuta kwenye kiti cha dirishani, amekunja shia mapajani, anafumua pindo la fundi na kushona lake.

"Nimekuona tangu kule kwenye kona ya barabara," akasema bila kuinua kichwa. "Siku hizi unatembea umeinama. Una nini?"

Nilimwuliza begi liko wapi.

"Nimelifua. Lilikuwa na vumbi."

Nikatazama nje. Lilikuwa kwenye kamba ya nguo, limening'inizwa kichwa chini, zipu wazi, linadondosha maji.