Kaka Yangu Mbele, Wifi Yangu Nyuma

Kwenye bango la ofisi ya matembezi ya baiskeli za umeme, pale barabara ya ufukweni inapoanzia, ipo picha ya mtu mmoja tu: kaka yangu mkubwa, kofia ngumu kichwani, kidole gumba juu, meno yote nje. Chini yake kuna maneno yanayowakaribisha wageni waione pwani "pamoja na Fundi Breki". Kila nilipopita hapo nilikasirika, kwa sababu safari zile hazikuwahi kuongozwa na mtu mmoja hata siku moja. Mbele alikwenda kaka, nyuma akaja mkewe, wifi yangu, na wageni wakawa katikati kama kurasa kati ya majalada mawili. Mwenye bango alilichapisha jalada la mbele, akaona kitabu kimekamilika.

Kaka alitengeneza baiskeli kwa sehemu kubwa ya maisha yake, za kawaida kwanza, kisha hizi za betri zilipoingia. Jina la Fundi Breki alilipata kwa makelele anayowapigia wageni kabla ya kila mteremko: "Breki zote mbili! Ukikamata ya mbele peke yake, utatutangulia kwa kichwa!" Wifi alikuwa mshona mapazia. Kuendesha baiskeli alifundishwa na kaka enzi za uchumba, na hadi leo akiulizwa walivyooana husema, "Alinisukuma, akaniachia, nikaanguka. Akaja kwetu kuomba radhi. Akaomba, akaomba, mpaka akaoa."

Karakana yao ni chumba kirefu nyuma ya ofisi. Upande mmoja betri zimepangwa kwenye rafu zikichajiwa, vitaa vyao vyekundu vikigeuka kijani kimoja kimoja. Upande wa pili kofia zimening'inizwa kwenye misumari, na wifi huzifuta jasho la jana kwa kitambaa chenye sabuni. Hapo ndipo nilipogundua jambo. Tangu utotoni nimemwona kaka akiinua gurudumu, akilizungusha, akiinamisha sikio karibu na kitovu chake asikie kama gololi zinasaga. Siku ile alilizungusha, akaweka kiganja kwenye fremu, akafumba macho.

"Wifi," niliuliza alipotoka kwenda bombani, "kaka siku hizi haisikilizi baiskeli?"

"Anasikiliza kwa mkono."

"Kwa nini?"

Wifi alitazama mlangoni. Kaka alikuwa ametupa mgongo, anajaza chupa za maji. Akanisogelea kuninong'oneza, kisha akajicheka mwenyewe. "Na mimi ninavyonong'ona! Hata nikipiga tarumbeta hapa, yule hageuki."

Alinieleza akiendelea kufuta kofia. Masikio yalianza kwenda polepole. Sauti nyembamba zikaondoka kwanza, kengele na ndege, halafu zile nene. Mtu akiwa mbele yake, kaka humsoma midomo na kujibu bila tatizo. Akiwa nyuma, hayupo. Na gari linalowapita waendesha baiskeli hutoka nyuma. Basi wakabuni lugha. Wifi, mfunga msafara, ndiye aliyesikia gari, akaminya taa ya mbele ya baiskeli yake: mwanga mmoja mrefu, gari linakuja. Mwanga mfupi mara mbili, mtu amesimama au ameanguka. Kaka aliona kwenye kioo chake cha pembeni, akainua mkono, na wageni wote wakajibana ukingoni.

"Unajua wageni wanasemaje?" alisema. "Kwamba Fundi Breki husikia lori kabla halijazaliwa."

Sikucheka. Nilikuwa na hasira nyingi mno na sikujua nizielekeze wapi. Nilimkasirikia kaka kwa kuficha. Niliikasirikia familia yetu nzima, nikiwamo mimi, iliyozoea kusema kwamba kiburi kimemwingia na siku hizi haitikii salamu. "Kwa nini haendi hospitali?"

"Nimembembeleza mpaka nimechoka. Anasema daktari ataandika, maandishi yatafika kwa meneja, na yeye atabaki sebuleni akibishana na rimoti. Barabara ile ndiyo inayomwamsha asubuhi, wifi. Mimi nitamwondolea vipi?"

Haukupita muda meneja akaleta habari. Ni kijana mstaarabu, mtoto wa mwenye biashara, na alizungumza kwa upole wote. Baiskeli zilikuwa zimefungwa vifaa vipya. Kila moja ingeonekana kwenye simu kama kidoti kinachotembea juu ya ramani. Kwa hiyo mfunga msafara hakuhitajika tena. Jumamosi yeye mwenyewe angeungana na wageni ili aone mpango unavyokwenda, na wifi angekaa ofisini kuangalia vidoti. "Utapumzika, mama. Kiti kipo, feni ipo."

"Nikamshukuru," wifi aliniambia jioni ile nyumbani kwao, mikono imekamata kingo za meza. "Nimemshukuru, wifi! Ningesema nini? Kwamba mume wangu haongozi, tunaongoza?"

"Ndiyo. Ungesema hivyo hivyo."

"Na kesho yake bango linashushwa."

Kaka aliingia akatukuta tumenyamaza. Akavuta kiti, akakaa mahali ambapo aliona nyuso zetu zote mbili.

"Kwa hiyo mmenijadili."

"Tumekujadili," nikamjibu.

"Kwa sauti?"

"Kubwa."

"Basi siri imekwisha. Mtaa mzima umesikia isipokuwa mimi."

Wifi alicheka hadi akafuta machozi kwa ncha ya kanga, na machozi hayo hayakuwa ya kicheko yote. Nilisema ukweli uambiwe kesho asubuhi. Kaka akaniomba Jumamosi hiyo moja tu, nijiandikishe kama mgeni na nikae nyuma kabisa. Baada ya hapo angeamua mwenyewe. Nina shahada ya sheria na ninajua jina la jambo nililokuwa naombwa kulifanya. Nikakubali, kwa kuwa sikuwa nimepata kumwona kaka akiomba. Wifi akanifundisha taa kwa tochi pale mezani: mrefu, gari; mfupi mara mbili, mtu amekwama. Alipofika kwenye mwanga mmoja mfupi sana, kama kupepesa kope, kaka alitabasamu akiangalia pembeni.

"Na huo?"

"Huo haukuhusu," wifi akasema, akaizima tochi.

Jumamosi tulikuwa wachache: bwana na bibi harusi wapya, mama mmoja mstaafu aliyevaa kofia ya njano juu ya uso wenye furaha, meneja, na mimi mkiani. Niseme kwa haki kwamba sijapata kufanya jambo tamu kama lile. Unakanyaga pedali kidogo, na mota inakusukuma kama kiganja cha mzazi mgongoni siku unapojifunza. Barabara ilipanda ikiukumbatia mwamba; kushoto, chini ya vyuma vya ukingo, bahari ilibadilika rangi kila tulipokata kona, kijani, kisha buluu nzito, kisha nyeupe ilipojipiga kwenye majabali. Harufu ya chumvi na ya mwani uliokauka ilitufuata. Kaka alikuwa akinyoosha mkono kuonyesha mapango, viota vya ndege wa baharini, mnara wa taa tulikokuwa tunakwenda, kisha anageuka nyuma na kusoma furaha kwenye nyuso zetu.

Lori la kwanza la kokoto lilipotokea nyuma yangu niliminya taa, mwanga mrefu. Mkono wake ukapanda, tukajibana, lori likapita.

"Huyu mzee ana masikio ya popo!" bibi harusi akamwambia mumewe.

Kisha tukafika mahali ambapo lami ilikuwa imekatwa na kujazwa changarawe. Wifi aliniambia baadaye kwamba hapo huibana taa yake kwa kidole gumba, kwa sababu swichi yake imelegea na huwaka yenyewe ikitikiswa. Hakukumbuka kunifundisha, kwani ni jambo ambalo kidole chake kilikuwa kikilifanya bila kumuuliza. Mimi nilikuwa nimepewa baiskeli ile ile. Taa ikawaka, ikazima, ikawaka, ikazima. Kwenye kioo chake, kaka alisoma kwamba mtu ameanguka.

Akainua mkono kutusimamisha. Kisha akaigeuza baiskeli katikati ya barabara na kuja upande wangu, macho yakihesabu watu, yakitafuta aliye chini. Nyuma ya mgongo wake, kwenye kona, lori jingine likachomoza. Honi ilipigwa ikajaza bonde lote. Sisi sote tuliruka. Yeye alikuwa bado anakuja, taratibu, akiniuliza kwa mikono, nani? nani?

Meneja alipiga kelele. Breki za lori zikalia, kokoto zikamwagika, vumbi likatufunika. Lilipotulia, pua ya lori ilikuwa nyuma ya gurudumu lake, karibu kiasi cha mtu kunyoosha mkono na kuigusa. Hapo ndipo alipogeuka, na nilimwona kaka yangu akilitazama lile lori kama mtu aliyeamshwa.

"Mzee!" dereva alichungulia dirishani, sauti ikitetemeka. "Umelala juu ya baiskeli? Nimepiga honi mpaka samaki wamehama!"

"Fundi," meneja akasema, "hukusikia?"

Nilikuwa na hotuba tayari. Nilifungua mdomo, kaka akanizuia kwa kiganja.

"Sikusikia. Sisikii honi, sisikii kengele, wewe mwenyewe nakuona midomo. Anayesikia ni mke wangu. Leo amekaa kwenye feni."

Meneja alikaa kwenye chuma cha ukingo. Simu yake ikalia. Ilikuwa wifi; meneja akanipa mimi niipokee. "Vidoti vimesimama kwenye kona mbaya," alisema. "Nani yuko chini? Niambie, nani?"

"Hakuna, wifi. Wote tumesimama kwa miguu."

Hakuniamini. Alikuja amepakiwa kwenye pikipiki ya mlinzi wa ofisi, akashuka kabla haijasimama vizuri, akampapasa kaka mikono, mabega, shingo, kisha akamchapa kofi la begani.

"Ukiondoka, mimi nitakaa nyuma ya nani?"

Kaka akaushika mkono uliompiga.

Ndipo nikamgeukia meneja. Nilimwambia kwamba alimwondoa mtu kazini bila kumuuliza alikuwa anafanya nini. Kwamba mwanamke akiwa nyuma watu hudhani anafuata tu. Alinisikiliza hadi mwisho.

"Ni kweli, mama," alisema. "Na ninyi mliniachia niwalete wageni hapa, na kiongozi asiyesikia."

Alikuwa na haki, na hilo liliniudhi kuliko yote.

"Kijana anasema kweli," kaka akasema. Alivua fulana yake ya rangi ya machungwa, ile ya kiongozi, akaishikilia mkononi asijue aiweke wapi. Sote tulijua anasubiri nini, hata bwana harusi aliyekuwa hajui lolote asubuhi ile.

Meneja aliitazama ile fulana. "Safari zitaendelea na watu wawili," alisema hatimaye. "Lakini wewe mbele, hapana. Kaa nyuma, ulinde kwa macho. Labda daktari akipata dawa ya hayo masikio. Mama, unaweza kuongoza?"

"Barabara naijua. Nimeitazama siku zote kupitia mabega ya huyu," wifi akajibu.

"Basi chukua baiskeli yangu. Mimi nitarudi na pikipiki; miguu hainitoshi tena."

Mama wa kofia ya njano alipiga makofi. Wifi aliichukua ile fulana, akaivaa juu ya gauni, na ikawa kubwa mno. Kaka aliniachia baiskeli yake, akaipokea ile ya mkiani kutoka kwangu kama anayepokea mtoto wa mtu.

"Huko nyuma kuna nini?" aliuliza.

"Kuna kila mtu," wifi akamjibu, akimtazama usoni ili asome vizuri.

Tukaondoka. Kwa muda mrefu sikuthubutu kugeuka, nikidhani nitamwona amejikunja kwa aibu. Barabara ilipopanuka karibu na mnara, alisogea hadi ubavuni kwangu.

"Anafanya nini na mabega?"

Nilitazama mbele. Mabega ya wifi yalikuwa yakipanda na kushuka ndani ya ile fulana, na upepo ulituletea sauti yake vipande vipande.

"Anaimba, kaka," nilisema, nikimgeuzia uso.

"Anaimba? Barabarani?"

"Siku zote. Namsikia kila mnapopita na wageni."

"Na mimi nikiwa mbele." Alimwangalia mkewe kama mtu aliyeonyeshwa chumba kipya ndani ya nyumba yake mwenyewe. Usikivu wake wote ulikuwa umehamia machoni. "Mwambie Jumatatu nakwenda kwa daktari."

"Mwambie mwenyewe. Ongeza mota, umfikie."

Alitazama nyuma, barabara tupu, kisha wageni, mmoja baada ya mwingine.

"Siwezi kuiacha nafasi yangu," alisema, akashika breki zote mbili, akarudi mkiani.